Kikombe cha Kaluki

Kwa Yonis, nyuma ya mahakama ya Makadara, kuna benchi iliyochoka kubeba watu wanaojua kila kitu. Yonis huuza kahawa chungu, wao huuza maneno. Wana sheria moja tu: hawamsengenyi mtu bila kumwagizia kahawa. Kikombe chake huwekwa katikati ya benchi, na atakayekinywa ndiye wakili wake, amtetee mpaka tone la mwisho. Hata mwizi wa kuku aliwahi kupata wakili pale. Jumamosi hiyo kikombe kilikuwa cha Kaluki, binti wa Mutunga mchonga vinyago, ambaye benchi nzima humwita Patasi. Na Patasi mwenyewe alikuwa amekaa papo hapo, goti lake karibu liguse kikombe cha mtoto wake.

— Ati siku hizi ni daktari, alianza Ndirangu, mpigaji chapa wa hati za viapo nje ya mahakama, ambaye kwa kukaa karibu na sheria alijibatiza Hakimu. — Daktari wa nini? Mathe yangu ana presha. Anaweza kumpima?

— Ni wa kemia, Patasi akasema taratibu.

— Kemia! Ako na maabara?

— Hana. Anapiga hesabu kwa kompyuta. Anatafuta vile elektroni hutoka kwa molekuli moja ikaingia kwa ingine.

— Mkemia hana hata chupa! Odero akajipiga paja. Huyu ni fundi wa nyaya, jina lake la benchi ni Stima. — Buda, elektroni ni kazi yangu. Zinatoka kwa nguzo, zinaingia kwa nyumba. Hiyo ndiyo ilimweka shule miaka yote hiyo? Nipe ngazi nikuonyeshe saa hii!

Patasi akacheka nao. Asubuhi Kaluki alimwomba jambo moja tu. Saa kumi angewaeleza wanafunzi utafiti wake katika ukumbi wa mtaa. Baba aje, na awalete marafiki zake. Hadi sasa Patasi hakuwa amewaambia. Angeanzia wapi, mbele ya midomo hii?

Tena, aibu yenyewe ni kwamba alielewa. Jana yake, mezani, Kaluki alimpangia vijiko. Elektroni hairuki hivi hivi, Baba. Kwanza vilivyoizunguka, huku inakotoka na kule inakoenda, vijisogeze kidogo, vijipange upya, ndipo inapita. Na kuna wakati ukiisukuma sana inachelewa zaidi. Patasi alielewa hayo kabisa, akafurahi mpaka akasahau chai. Leo yuko benchini, ameufyata ulimi, mwoga mkubwa!

— Mimi nawaambia, Stima akaendelea, — ndiyo maana tokeni za umeme zinaisha mbio. Unalala na stima, unaamka giza. Elektroni zimehamishwa! Hawa wasomi wanazinyonya huku Eastlands, wanazipelekea wale wenye mabwawa ya kuogelea.

— Tena bila hati! Hakimu akadakia. — Kitu hakihami bila muuzaji, mnunuzi na mashahidi. Hiyo elektroni ilitia sahihi wapi?

— Leo ni elektroni, kesho ni sisi, Stima akasema. Unalala Makadara, unaamka Mathare, na ukiuliza unaambiwa wewe ni molekuli, tulia!

— Pole, Patasi, Hakimu akasema. Umechonga twiga mpaka vidole vikapinda, na mtoto akaenda kuhesabu vitu havionekani. Si angekuwa hata nesi?

— Wakili hakuna? Stima akakidonoa kikombe. — Kinapoa hiki!

Mkono wa Patasi ukanyanyuka. Ukafika gotini, ukatulia hapo.

— Watoto wa siku hizi, akasema. — Hata mimi sijui anafanya nini.

Wakaangua kicheko hadi Yonis akageuka. Walikuwa bado wanafuta machozi Kaluki alipotokea pembeni ya kibanda, mkoba begani.

— Hamjambo, wazee?

— Aa, Daktari wetu! Hakimu akaruka, mnafiki yule, meno yote nje. — Karibu, karibu! Tunajivunia wewe sana!

Stima naye akajisogeza, nafasi ya mtu ikapatikana. Kaluki hakukaa. Alikuwa anaitazama ile kahawa. Utotoni ni yeye aliyetumwa kila jioni kumwita baba aje kula, na sheria ya benchi aliijua kuwashinda.

— Leo ni zamu ya nani?

— Msee fulani tu, Stima akasema. — Humjui.

— Na mbona kikombe kimejaa? Wakili wake ni nani?

Hakimu akakagua viatu vyake. Stima akaona kitu cha maana sana juu ya nguzo. Kaluki akamgeukia baba yake, akangoja. Patasi akajipangusa vumbi la mbao gotini.

Basi Kaluki akakiokota kikombe, akakinywa kikiwa baridi vile vile mpaka chini, akamwaga masimbi, yale machicha ya kahawa, kama alivyomwona baba yake akifanya siku zote, akamrudishia Yonis.

— Mimi natangulia, Baba, akasema, akavuka barabara kuelekea ukumbini.

Patasi alimtazama mpaka akapotea nyuma ya vibanda.

— Yonis! Nipe kikombe. Cha Kaluki. Nakinywa mimi.

Yonis akainamisha birika. Yakatoka masimbi tu.

— Kahawa imeisha, mzee.