Leseni Nne, Vituo Sita, na Mwanangu Aliyekuwa Milepa

Mwenyekiti wa mtaa amenipa dakika kumi. Nilimwomba ishirini, akasema tano, na nyote mmesikia tulipofikia. Kwa hiyo naomba msinikatize, dakika hizi nimezipigania.

Ndugu zangu, wengi mnanijua kwa ile meza ya maharage sokoni. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu chenji mara mbili mbele yenu mpaka mnanuna. Sijaacha. Hata leo nimeingia hapa nikahesabu viti kabla ya kuwasalimia, mnisamehe. Lakini ninachotaka kusema ni habari ya mwanangu. Ya kazini nitaieleza kwa sababu bila hiyo hamtaelewa.

Nilipojifungua nilikaa nyumbani na kichanga. Niliporudi sokoni, meza yangu ilikuwa na mtu mwingine, na nyanya zake zimepangwa vizuri kabisa. Nikamwambia, "Dada, hapa ni pangu." Akanijibu kwa upole, "Palikuwa pako." Hilo neno lilinikaa. Tangu siku hiyo nikajiwekea kwamba mtu asipokuwepo, nafasi yake ilindwe.

Baadaye nikapata kazi kwa mnunuzi wa mahindi hapa mjini. Nilianza kwa majaribio, na msimu wa mavuno tulikuwa tunaingia alfajiri na kutoka giza limeshaingia. Mtoto wa miaka sita ningemwacha na nani hapa mtaani Malangali? Baba yake yuko Mbeya, na hapo nimeshamsema vya kutosha. Nikampeleka kwa mama yangu, Milepa, kule bondeni. Nikamwambia mwanangu, "Nikipewa mkataba wa kudumu nitapangiwa saa za kawaida, nakuja kukuchukua."

Nawaambia ukweli, kitanda chake nilikitandika kila Jumamosi. Shuka safi, mto mahali pake. Wageni wangu walilala chini kwenye mkeka, nao waliona nina roho mbaya.

Mwanzoni tulipoongea kwa simu alikuwa ananiuliza, "Mama, unakuja lini?" Baadaye akaacha kuuliza. Akaanza kuniambia, "Habari za huko? Mvua zimenyesha?" Mtoto wa darasa la kwanza anakujulia hali kama mzee aliyekutana nawe stendi. Niliikata simu nikakaa. Afadhali angelia.

Sasa sikilizeni kuhusu roboti, sitawachosha. Si zile za chuma. Ni programu tu zinazofanya kazi ya karani. Mkulima akileta gunia kituoni, linapimwa, karatasi ya mzani inapigwa picha, roboti inasoma, inaandika, na stakabadhi inatoka. Bila stakabadhi gunia haliingii ghalani, linabaki nje, na mwenyewe analilinda. Makarani wa mkono walikuwa wameshaondolewa.

Kila roboti inakaa ndani ya mashine pepe. Chukulieni kompyuta moja kubwa iliyogawanywa vyumba kwa ndani, kama nyumba ya kupangisha. Vituo vyetu vilikuwa sita, kwa hiyo vyumba sita. Ila roboti haifanyi kazi bila leseni, kibali cha kulipia, na leseni zilikuwa nne. Nikahesabu tena, nne. Meneja akanikabidhi mimi nizigawe, akasema, "Wewe dada umezoea kugawa."

Mtaalamu wa programu akanipigia kutoka Dar. "Dada, nikupangie kila mashine na leseni yake, au ziwe kwenye kapu la pamoja, yenye kazi inachukua na ikimaliza inarudisha?"

Mnajua nilimjibu nini. Nikamwambia, "Kapu la pamoja ndilo lililonipotezea meza. Kila mtu na yake."

Wakuu wa vituo vya huku juu uwandani ndio walioniwahi. Mmoja alikuja na asali, mwingine na maneno. Watatu, kila mmoja akapata leseni yake. Bonde likabakiwa na moja kwa vituo vitatu, Milepa, Ilemba na kile cha mbele yake. Nikaona nimegawa kwa haki, maana waliowahi wamewahi. Hata asali sikuipokea yote.

Ninyi wakulima mmeshaliona kosa langu, nawaona mnavyotazamana. Bondeni kuna joto, mahindi yanakauka mapema. Huku juu bado yalikuwa shambani. Kwa hiyo mashine tatu za juu zilikuwa zimewashwa, zimekumbatia leseni, hazina hata gunia moja la kusoma. Na bondeni vituo vitatu vinapokezana leseni moja, magunia yamejaa uwanjani. Niliona foleni inarefuka kwenye kioo cha kompyuta. Nikajisemea watu wa bondeni wavumilie kidogo, nafasi ya mtu haiguswi.

Adhuhuri moja mama akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hatupo nyumbani, tuko kituoni. Tumelala hapa na magunia yetu."

"Tumelala, wewe na nani?"

"Na nani tena? Na mwenzangu, huyu mwanao. Nikimwacha nyumbani analia. Amelala juu ya magunia, nimemfunika kitenge. Anakohoa kidogo tu. Wanasema mashine ya huko mjini imekwama. Wewe si uko hukohuko? Hebu waulize."

Ndugu zangu, nilikuwa nimekishika kipanya cha kompyuta mkononi. Mashine ilikuwa haijakwama. Aliyewakwamisha ni mimi. Mwanangu amelala nje ili leseni ikae kwenye chumba kisicho na mtu, na kitanda chake kiko Malangali kimetandikwa, hakuna mtu.

Nikampigia mkuu wa kituo kimoja cha juu. "Kaka, naichukua leseni yako, nitairudisha mahindi yakikauka."

"Dada, tulikubaliana."

"Una gunia hata moja?"

"Sina. Lakini yangu ni yangu."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe kinywani mwake. Nikazima mashine zote tatu za juu, nikazielekeza leseni bondeni, na jioni ile uwanja wa Milepa ulikuwa mweupe, halijabaki gunia.

Kesho yake wakuu watatu walikuwa mlangoni kwa meneja. Nilieleza, lakini nilikuwa nimevunja mpango nilioupanga mwenyewe, tena bila ruhusa. Nikatolewa kwenye roboti, nikapelekwa ghalani kushona midomo ya magunia. Habari ya mkataba ikafungwa. Nikampigia mwanangu kumwambia bado kidogo. Akasema, "Sawa, mama. Usijali." Hilo "usijali" nilishona nalo magunia msimu mzima.

Kisha mahindi ya juu yakaanza kukauka, shamba moja likitangulia jingine. Mgawo ulikuwa umerudishwa uleule wa zamani. Safari hii kituo kimoja cha juu kikazidiwa, leseni moja haikitoshi, jirani yake ana leseni na hana foleni, na hakuna anayemwachia mwenzake. Meneja akaja ghalani, akasimama pembeni ya magunia yangu.

"Dada, lile kapu la pamoja linafanyaje kazi?"

Nikaendelea kushona. "Lina masharti."

"Yapi?"

"Mashine isiyo na kazi inarudisha leseni yenyewe, haiombwi. Yenye foleni ndefu inachukua. Hakuna cha aliyewahi, hakuna cha asali. Na aliyerudisha akipata kazi, naye anapewa zamu, hapotei."

"Basi?"

"Hayo ni ya mashine. Ya kwangu ni mkataba, na kutoka saa kumi jioni."

"Saa kumi na mbili."

"Sindano ninayo, gunia ninalo, mimi sina haraka."

Tukakutana saa kumi na moja. Yule mtaalamu wa Dar akanielekeza kwa simu hatua kwa hatua, wala hakunikumbusha nilichomjibu mara ya kwanza. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa utaalamu wake.

Mwanangu nilimfuata Milepa shule zilipofungwa. Sasa yuko hapa Malangali. Mimi natoka saa kumi na moja, shule inatoka mapema, na ninyi mnajua wenyewe anakokaa hapo katikati mpaka nirudi. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, yeyote aliyepo nyumbani anamfungulia mlango. Hamkuniuliza zamu ni ya nani. Nawashukuru, na sijui kupunguza wala kuongeza hapo. Namshukuru na mama yangu, aliyenilelea bila kunidai neno.

Nilichojifunza ni hiki: kumlindia nafasi asiyekuwepo si kumpenda. Mfuateni alipo, hata kama mkataba haujaiva. Mimi nilichelewa, na ule mwaka wake wa kwanza shuleni sitauona tena.

Msidhani kwamba sasa yamekwisha. Juzi nimempakulia ugali, akanawa, akakaa, asile. Nikamuuliza, "Unaumwa?"

Akasema, "Hapana. Bibi sasa anakula na nani?"

Jumamosi tunapanda gari kwenda Milepa, wote wawili.