Yudita Bukuru: Miaka 33 Ndani ya Maji, Mara Moja Chini Yake

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa tisa alasiri, Mama Yudita Bukuru atakabidhi funguo za stoo ya kanzu na kustaafu. Atakuwa amelitumikia Kanisa la Neema Pwani, hapa Rumonge, kwa miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku ishirini na nne. Ndani yake imo miezi kumi na saba aliyokaa mkimbizi kule Kigoma, ng'ambo ya mpaka. Yeye mwenyewe alitaka tuitoe. Karani alikataa, akisema huko pia alibatizisha watu.

Cheo chake katika mkataba ni mhudumu wa ubatizo. Kazi yenyewe ni kushona na kufua kanzu nyeupe, kupima kina cha ziwa kwa fimbo yenye alama za magoti, kiuno na kifua, kuangalia kama kuna kiboko au mamba, kisha kutangulia majini na kumshika mkono kila anayeogopa mpaka afike kwa mchungaji. Kwa mujibu wa daftari, amewafikisha watu 3,846. Hakuna aliyezama. Mmoja alidai kuumwa na ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu. Dai hilo halikuthibitishwa.

Ni yeye aliyebuni kushona risasi za nyavu za wavuvi, zile za kuzamishia, kwenye pindo za kanzu, baada ya kanzu ya dada mmoja kuvimba hewa na kuelea kama mwavuli mbele ya kwaya nzima. Ni yeye pia aliyezihifadhi kanzu kumi na nane jirani na pipa la mawese kutoka Kizuka, mwaka 2003, na pipa likavuja. Watu ishirini na saba walizivaa kwa zamu, wakabatizwa wakiwa na rangi ya karoti. Picha zipo. Mwaka 2021, ziwa lilipopanda na kumeza ufuo wetu wa zamani, alitembea na fimbo yake siku nne kutoka bandarini kuelekea kusini mpaka akapata mchanga usiotelemka ghafla. Ndio tunaoutumia hadi leo.

Mama Yudita alitakiwa kustaafu tarehe 31 Machi. Sababu ya kuchelewa ni lazima iandikwe hapa, kwa kuwa mhusika amekataa wasifu huu uchapwe bila hiyo.

Mwezi wa Februari tulimpa fomu ya kawaida ya wastaafu. Ina mstari mmoja unaosema: tarehe ya ubatizo. Daftari la kanisa linaonyesha Jumamosi tarehe 25 Januari 1992, jina la tisa. Angeweza kunakili. Badala yake aliandika: "Bado."

Hiki ndicho kilichotokea siku hiyo ya 1992. Yudita ni pacha. Mdogo wake, Butoyi, muuza mawese wa Nyanza-Lac, anafanana naye mpaka leo kiasi kwamba wajukuu hukosea. Wote wawili walikuwa kwenye mstari, kanzu za aina moja, vitambaa vyeupe kichwani namna moja. Butoyi aliingia wa nane, akabatizwa, akatoka. Kabla jina la tisa halijaitwa, kiboko aliibuka hatua hamsini kutoka kwa mchungaji, akapiga mwayo. Mstari ukatawanyika hadi kwenye mihogo. Yudita alibaki nyuma kumwinua bibi mmoja aliyekuwa ameanguka. Kiboko alipoondoka, watu wakapangwa upya kwa haraka, jina la Bukuru likaitwa, na msaidizi akamshika mkono Butoyi.

Tulimpigia Butoyi simu kuhakikisha. "Nilimwambia, muchungaji, mimi nimeisha kubatizwa," alisema. "Akaniambia, usiogope, dada. Akanizamisha. Basi nikafikiri labda ile ya kwanza haikushika."

Juma lililofuata Yudita alimwendea mchungaji wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, akamweleza. Mchungaji alifungua daftari, akaweka kidole kwenye jina la tisa. "Umo humu, mwanangu. Daftari halidanganyi." Siku mbili baadaye akaajiriwa, kwa sababu kanisa lilitafuta mwanamke asiyeogopa viboko.

Mwaka mmoja na nusu wa kwanza, anasema, hakuwa na amani. Kila ngurumo ikipiga juu ya ziwa alijua inamtafuta yeye. Kisha mwezi wa Agosti 1993 akaitwa hospitalini kumwona Cubaka, mchuuzi wa samaki kutoka ng'ambo ya Kongo, aliyekuwa kwenye orodha ya ubatizo wa Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi, na Cubaka alijua hatafika Jumamosi.

"Mama, bila maji atanipokea?"

"Alikupokea siku ulipomwamini," Yudita alimjibu. "Maji ni ya kutangaza tu."

"Basi unitangazie wewe."

Alifariki jioni ile. Jumamosi, katikati ya mtu wa kumi na nne na wa kumi na tano, Yudita aliomba nafasi, akalitaja jina la Cubaka kwa sauti juu ya maji matupu. Akiwa njiani kwenda nyumbani alijiuliza kama jibu lile lilikuwa la Cubaka peke yake. Aliona haliwezi kuwa hivyo. Tangu siku hiyo ngurumo ni ngurumo.

Tulimwuliza kwa nini basi hakuendelea kunyamaza, kama moyo wake ulikuwa umetulia. "Kuogopa kuliisha," alisema. "Uongo ndio ulibaki."

Baraza la wazee liliketi Alhamisi tarehe 6 Machi. Jambo lilikuwa zito. Kanuni yetu inasema asiyebatizwa hashiriki Meza ya Bwana, naye alikuwa ameshiriki miaka thelathini na mitatu. Wapo waliopendekeza aondoke kimyakimya, bila sherehe, barua apelekewe nyumbani. Yudita alisema sherehe haimwumizi. Kilichomwumiza ni kwamba angeondoka bila Meza, na alikuwa na miaka sitini.

Mzee mmoja, ambaye ameomba asitajwe, alimwuliza: "Mama, kama ungekufa mwaka jana, ungekwenda wapi?"

"Kwa Yesu," alijibu. "Ningefika mukavu tu."

Mtu mmoja mezani alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mzee hakucheka. "Na uhakika huo unautoa wapi? Kwenye kazi yako?"

"Kazi yangu ni kufua, muzee. Hakuna mutu anaingia mbinguni juu ya sabuni. Alinifia, nikamwamini. Sina kingine, na sikihitaji."

Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba kilichofuata ni ombi la chai, kisha suala la sherehe likaahirishwa.

Mchungaji Pontiani, ambaye Yudita mwenyewe alimwingiza majini mwaka 2004 akiwa na miaka kumi na mitano, na ambaye siku hiyo alimkanyaga mguu mara tatu, alitaka jambo liishe upesi. "Mama, leo saa kumi. Mimi, wewe na Hadji, mfukuza viboko wetu, na mtumbwi wake. Dakika tano tumemaliza."

"Na darasa?"

"Darasa umelisikia mara mia."

"Nitalisikia ya mia na moja. Mutoto wa dada yako nilimrudisha nyumbani kwa kukosa somo moja. Nitamwangalia na macho gani?"

Hivyo Yudita akaomba kustaafu kwake kusogezwe, akajiandikisha darasa la ubatizo: masomo kumi na mawili, kila Jumamosi, kuanzia tarehe 15 Machi. Wanafunzi walikuwa ishirini na watatu. Aliyemfuata kwa umri alikuwa na miaka ishirini na minne. Walimchagua kiranja siku ya kwanza, akakataa, wakamchagua tena. Katika jaribio la somo la saba alipata tisa kwa kumi. Alikosa swali la maana ya ubatizo, kwa kuwa yaliombwa maelezo ya mistari mitatu naye akaandika ukurasa na nusu.

Habari ilienea mjini kwa kasi ya kawaida ya Rumonge. Hadji, Mwislamu wa mtaa wa Waswahili, ambaye tangu 1996 hukaa na mtumbwi wake mbele ya ubatizo wetu akipiga debe kufukuza viboko, alimsubiri sokoni.

"Dada Yudita, watu wote hawa umewalowesha, kumbe wewe hata tone? Mimi nisiye wa kanisa lenu nimeloa kuliko wewe."

"Umeloa kwa sababu mutumbwi wako unavuja, Hadji."

Siku ya Pasaka, tarehe 20 Aprili, aliketi benchi la nyuma pamoja na darasa lake. Sahani ya mkate ilipopita, aliipokea, akampa aliyefuata, akarudisha mikono mapajani. Alifanya hivyo kila Jumapili ya Meza kwa miezi mitatu, mbele ya watu ambao wengi wao aliwashika mkono majini. Baadhi hawakujua waangalie wapi. Yeye aliimba.

Jumamosi tarehe 21 Juni, saa tatu asubuhi, ziwa lilikuwa shwari. Watu waliofika walikaribia mia sita, kwa makadirio yetu, idadi ambayo ubatizo wetu haujawahi kupata. Butoyi alitoka Nyanza-Lac na gari la kwanza. Kwa amri ya mchungaji alisimamishwa hatua thelathini kutoka majini, akapewa mwavuli mwekundu na kukatazwa kuufunga.

"Nimekuja kuona dada yangu anabatizwa," alilalamika, "mumenisimamisha kama alama ya barabara."

Yudita alikuwa wa nne. Watatu wa kwanza aliwaingiza yeye mwenyewe, kwa mazoea, akawarudisha nchi kavu, akawapa taulo. Kisha jina lake likaitwa, na ikagundulika kwamba hatukuwa tumepanga mtu wa kumwingiza yeye. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba angehitaji.

Aliingia peke yake hadi magotini, akasimama. Kwaya ilimaliza wimbo, ikaurudia. Mwanamke ambaye kwa miaka thelathini na mitatu amekwenda mahali hapo kama mtu aingiaye jikoni kwake alikuwa anatetemeka, na wote tuliona.

"Pontiani," alisema, "iko nini na miguu yangu. Haiendi."

Mchungaji aliyesimama kwenye maji ya kifuani si desturi aondoke mahali pake. Pontiani aliondoka. Alirudi hadi magotini, kanzu yake ikiburuta risasi, akamshika mkono.

"Twende, mama. Nimekushika mimi."

Wakaenda, polepole, na safari hii hakuna aliyekanyagwa. Kwenye kina akamwuliza kama anamwamini Yesu Kristo kuwa Mwokozi wake. Yudita alijibu ndiyo kabla swali halijafika mwisho, na tena lilipofika. Akazama. Akaibuka.

Kilichofuata ni vigumu kukiripoti kwa mpangilio. Yudita aliibuka anacheka, na kicheko hicho hakikuwa na breki. Mchungaji akaambukizwa, akashindwa kutoa baraka, akaitoa vipandevipande. Akina mama walipiga vigelegele. Hadji alipiga debe kwa nguvu zake zote ingawa hakukuwa na kiboko hata mmoja upande wowote wa ziwa. Butoyi alitupa mwavuli akakimbilia majini na nguo zake za safari, na wasaidizi wawili wakamzuia, wakiwa na sababu. Ilichukua dakika kumi na mbili kumrudisha wa tano kwenye mstari. Yudita alikaa mchangani na kanzu inayochuruzika, akifuta machozi, akaanza upya kucheka kila mtu alipomwambia hongera.

Baraza lilikutana mchana huohuo kuamua kuhusu sherehe. Kikao kilidumu dakika nne, pamoja na sala. Yule mzee aliyeuliza maswali mwezi Machi ndiye aliyetoa hoja, na ndiye atakayesoma hotuba Ijumaa.

Jumapili tarehe 22 Juni ilikuwa siku ya Meza. Mama Yudita aliketi safu ya tatu. Sahani ilipomfikia alichukua kipande chake kwa mikono miwili na kukila bila haraka.

Jumatatu tulimpelekea rasimu ya wasifu huu aisome. Aliirudisha kesho yake. Amefuta maneno "mtumishi asiye na doa" mara mbili, na "shujaa wa imani" mara moja. Risasi za nyavu ameziacha, akasema hizo ni kweli. Mwishoni tulikuwa tumeandika, kama ilivyo desturi, kwamba Mungu amlipe kwa kazi aliyoifanya. Amekata mstari huo kwa kalamu ya buluu na kuandika pembeni: "Alishanipa yote kabla sijaanza kazi."

Kwa hiyo hatukuombei malipo, Mama Yudita. Tunakushukuru, sisi wote 3,846 na wenzako wa ofisini. Tunakuombea magoti yenye afya, wajukuu wenye kelele na Jumamosi za kulala hadi jua lipande. Murakoze, asante sana, na maisha yaliyo mbele yako yawe mema.