Jikoni kwa Mama Debora Hakukuwa na Moto

Asifiwe Bwana aliyetuamsha wazima asubuhi ya leo, ndugu zangu! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, nanyi nawasalimu kwa upendo. Mchungaji ameniomba nieleze jinsi nilivyoanza kukaa na Mungu kila siku, peke yangu, nyumbani kwangu. Nimekubali, lakini nawaambia mapema: sikuanza kwa utakatifu. Nilianza kwa kuchungulia ukutani kwa jirani.

Nilizaliwa milimani, Vidunda, katika nyumba ya Waanglikana. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, nikaolewa kanisani na Baba Stefano. Jumapili sikukosa ibada. Lakini kama ungeniuliza siku ya Jumanne nina habari gani na Mungu, ningekushangaa. Mungu alikuwa na siku yake, nami nilikuwa na zangu sita.

Tena, ndugu zangu, nilikuwa mtumwa wa hofu. Kule mlimani nilizika watoto wawili, Neema na Yakobo, wote hawajatimiza mwaka. Mama mkwe wangu alisema kuna mtu anatula. Hakumtaja jina. Basi nikawa natazama macho ya kila mtu anayembeba mtoto wangu, kila anayesifu unene wake, kila anayekaa kimya mno. Nilikuwa naimba kwaya na huku nawahesabu wachawi kwenye mabenchi. Hivyo ndivyo nilivyoishi!

Ikaja miaka ile ya Vijiji vya Ujamaa. Tukaambiwa tushuke bondeni, upande wa barabara ya Mikumi, tukae pamoja ili tupate shule, zahanati na maji. Wengine walilia kuacha migomba yao. Mimi nilifurahi kwa siri, maana nilidhani kifo tutakiacha kule juu. Nilishuka na mwanangu Stefano mgongoni, ana miezi mitano.

Kule mlimani, ukitaka kumwita jirani lazima upige kelele. Kijijini viwanja vilipimwa kwa kamba, nyumba zikapangwa kwa mistari, na ukikohoa jirani anakupa pole. Jirani yangu alikuwa Mama Debora, mjane wa makamo kutoka Malolo. Binti yake Debora alikuwa ameolewa Kisanga, mwanawe wa kiume alifanya kazi relini Kilosa, kwa hiyo mama huyo aliishi peke yake. Jiko lake lilitazamana na mlango wangu.

Nikaona jambo. Kila asubuhi, kabla kengele ya shamba la kijiji haijagongwa, Mama Debora aliingia jikoni akafunga mlango. Majiko yote ya mstari wetu yalikuwa yanatoa moshi. Lake halikutoa. Alikaa humo muda wa kutosha kupika uji na kuunywa, kisha akatoka mikono mitupu, akachukua jembe, akaenda zake. Kesho yake vilevile. Siku ya mvua vilevile. Nilishindwa kulala nikiwaza anafanya nini.

Haukupita muda, Stefano akashikwa na homa. Baba yake na mimi tukampeleka zahanati Mikumi. Tabibu akasema ni malaria, akampiga sindano, akatupa dawa ya maji. Akapona. Baada ya wiki tatu homa ikarudi. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi nasi, aliketi mlangoni akalitazama lile jiko lisilo na moshi, kisha akanitazama mimi. Sikuhitaji aseme.

Siku ileile, kisimani, mbele ya wanawake wanne, nilisema hivi: "Mtu anayejifungia jikoni bila moto, anapika nini?"

Ni hayo tu niliyosema, ndugu zangu. Sikusema mchawi. Lakini maneno hayo yalitoka kisimani kabla ndoo yangu haijajaa. Wiki haikwisha, nikaanza kuyasikia yakirudi yamekua: eti jikoni mle kuna mifupa, eti alifukuzwa Malolo kwa sababu hiyo. Wanawake wakaacha kuteka maji naye. Shambani, mstari aliolima yeye ukaachwa na nafasi kulia na kushoto. Kisha asubuhi moja tukakuta mihogo yake yote imeng'olewa na kutupwa njiani. Michanga, hata haijatia mizizi ya kula. Nilimwona akiiokota mti mmoja mmoja, anaipanga kivulini. Aliponiona nimesimama, nikamwamkia kwa mazoea. Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu. Mtoto anaendeleaje?"

Neno hilo lilinichoma. Kesho yake nikaenda kuchungulia.

Jiko lake lilikuwa la fito, udongo haujakandikwa upande wa nyuma. Nilipiga magoti kwenye umande nikaweka jicho. Ameketi kwenye kigoda. Mbele yake mafiga ni baridi. Akafungua kitambaa, akatoa Biblia, akasoma mahali padogo tu, kidole kikifuata maneno, midomo ikicheza. Akaifunga. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake: habari ya mihogo, habari ya mguu unaomuuma, habari ya mwanawe ambaye haandiki barua. Akamaliza. Nikadhani atasema Amina, atoke. Hakutoka! Aliweka mikono magotini akanyamaza. Kuku akapita juu ya miguu yake, hakumfukuza. Alikaa hivyo muda mrefu, uso wake kama wa mtu anayesikiliza.

Nilirudi siku ya pili, nikaona yaleyale. Siku ya tatu, wakati amenyamaza, nilijikuta nami nimezuia pumzi. Nangoja. Nangoja nini? Sikujua. Niliondoka pale magoti yamelowa na swali limenijaa kichwani.

Sasa sikilizeni ubaya wa moyo wangu. Nilijua kuwa mama yule hana hatia, na sikumwambia mtu yeyote. Mume wangu sikumwambia. Mnajua kwa nini? Kwa sababu kama si yeye, basi ni nani? Na kama si mtu yeyote, basi Neema na Yakobo wamekufa na sina wa kumlaumu. Hilo sikuweza kulibeba. Niliona afadhali mchawi kuliko kaburi lisilo na jibu.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Alikuwa mtu wa haki, lakini aliogopa fujo. Akamwambia Mama Debora asimame aeleze anafanya nini jikoni. Mama yule akasimama, akasema kwa ufupi kuwa anakaa na Mungu. Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza, sisi sote tunasali kanisani Jumapili, huyu ana Mungu gani wa kila siku, tena wa kufungiwa mlango? Mwenyekiti akasema kwamba kwa ajili ya amani ya kijiji, pengine ni vizuri mama huyu arudi kwa ndugu zake Malolo.

Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, ndugu zangu. Huko Malolo hakuwa na shamba tena.

Sijui nilisimamaje. Mama mkwe wangu alinivuta khanga, nikamwachia mkononi. Nikasema, "Mwenyekiti, maneno haya yametoka kinywani mwangu. Mimi ndiye niliyeyasema kisimani. Mama huyu hana kitu jikoni ila Biblia na kuku."

Mwenyekiti akaniuliza, "Wewe umejuaje?"

"Nilichungulia. Siku tatu."

Kicheko kilichotoka pale, sijakisahau. Walinicheka mimi sasa, wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi, na katika kicheko kile hasira ya watu ikaisha. Lakini mwenyekiti hakucheka. Alinikemea mbele ya wote, kisha akaamuru nimpandie Mama Debora mihogo yake upya, shamba zima, kwa jembe langu. Nikasema ndiyo.

Nyumbani mume wangu alisubiri tumalize kula. Kisha akasema ilifaa nimwambie yeye kwanza. Ilikuwa haki yake. Mama mkwe hakusema nami mpaka mahindi yalipovunwa.

Nilianza kupanda. Mama Debora akaja na jembe lake akashika mstari wa pili, ingawa hakuamriwa. Niliomba msamaha nikilia. Aliendelea kupanda mpaka mwisho wa mstari. Tulipogeuka, akaniuliza kwa nini niliishia siku tatu.

"Siku ya nne niliona aibu, mama."

Akafukia mti mmoja, akaukanyagia udongo. "Kesho pitia mlangoni," akasema.

Nikapitia mlangoni, ndugu zangu! Nikakaa chini kwenye mkeka, naye kwenye kigoda. Siku ya kwanza nilisinzia mpaka nikaegemea mafiga. Siku ya pili niliwaza chumvi, maana duka la kijiji lilikuwa halina. Siku ya tatu niliomba kila kitu ninachokijua kwa dakika chache, nikabaki sina neno, nikaanza kuhesabu fito za ukutani. Nikamwambia Mama Debora kuwa kazi hii siiwezi. Akasema hata yeye haiwezi, ndiyo maana anarudi kila siku.

Nilimuuliza maswali mengi, naye hakuchoka nami. Kwa nini bila moto? Akasema moto ukiwashwa ataanza kupika, anajijua. Kwa nini kidogo tu cha kusoma? Akasema kikiwa kingi anakisahau kabla ya kufika shambani. Alianzaje? Akanieleza kwamba mume wake alipofariki, nyumba ilijaa watu wa msiba, kisha wote wakaondoka. Asubuhi ya kwanza akaamka, hakuna mtu wa kumuuliza umeamkaje. Ukimya ule ulimtisha. Basi akaona amsalimu Mungu. Kesho yake akamsalimu tena. Akaendelea.

Siku moja nikapata ujasiri nikamuuliza lile nililolitaka tangu nilipokuwa ukutani. "Mama, ukinyamaza vile, huwa anakujibu?"

"Mara mbili," akasema. "Kwa miaka tisa."

"Na siku nyingine zote?"

"Siku nyingine naketi naye."

Nilishangaa. Miaka tisa, mara mbili! Lakini nilipomtazama sikuona mtu aliyepunjwa. Nikataka kujua ni nini kinachomtosheleza hivyo. Nikaanza kwangu, jikoni kwangu, kabla sijawasha moto. Nilianguka mara nyingi. Kuna miezi niliyoacha kabisa, nikarudi kwa aibu, na hakuna aliyenigombeza. Taratibu nikaweza kuwataja Neema na Yakobo mbele za Mungu bila kumtafuta aliyewaua. Nilimwambia tu kwamba ninawakumbuka, na kwamba simwelewi. Nikanyamaza. Hakunijibu. Lakini sikuwa peke yangu na jambo lile.

Sasa nisikieni jinsi Bwana alivyonifungua. Masika moja, Stefano amekwisha kuwa mtoto wa kukimbia, akaamka anaungua kwa homa. Nikamfunga mgongoni nikashika njia ya zahanati, tope mpaka vifundoni. Nilikuwa nimekwisha kufika nusu ya safari nilipogundua kitu. Sikuwa nimewaza ni nani aliyemroga. Tangu nimeamka, hata jina moja halikunijia! Nilisimama katikati ya njia, mvua inaninyeshea, nikajipekua moyoni kama mtu anayetafuta kitu alichozoea kukibeba. Hofu haikuwepo. Nilikuwa na wasiwasi wa mama mwenye mtoto mgonjwa, basi. Haleluya! Siwezi kuwaambia ilitoka lini. Ilitoka asubuhi mojawapo kati ya zile nilizodhani hazina kitu. Nikaendelea na safari, tabibu akamtibu, mtoto akapona. Lakini hata asingepona, ndugu zangu, mimi nilikuwa nimekwisha kufunguliwa kule njiani.

Baadaye Mama Debora alihamia Kilosa kwa mwanawe. Nilibaki naketi peke yangu. Asubuhi moja mlango wa jiko ukasukumwa, akaingia mama mkwe wangu na kigoda chake mkononi. Akakiweka upande wa pili wa mafiga, akaketi. Nikamwamkia, akaitikia. Akaja kesho yake, na kesho kutwa, mpaka miguu ilipokataa.

Namshukuru Mungu kwa mjane yule aliyenifungulia mlango. Namshukuru kwa mume wangu na kwa Stefano, ambaye leo ana watoto wake. Nawe uliyeketi hapa unayeogopa watu, au unayeona Mungu yuko mbali na siku zako za kazi, siwezi kukuahidi sauti wala ndoto. Mimi mwenyewe nimesikia mara chache, na mara hizo nitazihifadhi moyoni mwangu. Mtegemee tu, umpe asubuhi moja, halafu nyingine. Chagua pembe ya nyumba yako. Soma kidogo, mwambie habari zako, kisha nyamaza uone. Mimi ni bibi kizee sasa, na bado kila kunapokucha natamani kujua leo itakuwaje. Bwana awape nanyi hamu hiyo. Amina.