Fundi Rangi na Baiskeli ya Mdogo Wake

Baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Rangi, alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, aliyekuwa seremala. Mkunga alimfuta kwa kitambaa kilichokuwa karibu, na kitambaa hicho kilikuwa na vanishi. Bibi yetu alipenda kusema kwamba harufu hiyo ilimwingia mwanawe puani na haikutoka tena.

Alipokuwa na miaka sita aliugua homa, akalazwa wiki tatu katika chumba ambacho dari lake lilivuja. Maji ya mvua yalikuwa yameacha madoa ya kahawia, mengine juu ya mengine, naye alilala chali akiyatazama kutwa. Siku moja bibi alimkuta anaongea peke yake.

"Unaongea na nani, baba?"

"Na farasi."

"Yuko wapi huyo farasi?"

"Pale juu. Ila leo amelala, mvua haijanyesha."

Bibi alidhani homa imepanda kichwani. Kumbe homa ilikuwa imeshuka. Kilichopanda ni kitu kingine. Alipopata nguvu za kusimama alichukua kipande cha mkaa, akamchora farasi yule ukutani, amfikie kwa mkono. Mwaka huohuo wa 1957 mdogo wake alizaliwa, akalazwa chini ya farasi huyo. Walizaliwa wawili tu katika nyumba ile, na kuanzia siku hiyo kaka alijiona ana kazi ya kumwangalia mdogo wake. Kazi hiyo hakuiacha mpaka juzi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akaishia darasa la saba kwa sababu baba yake aliumia mgongo na karakana ilihitaji mikono. Katika masomo hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu wa hesabu alimkamata akimchora nyuma ya daftari, akamsimamisha mbele ya darasa.

"Masikio yangu ni makubwa hivi?"

"Hapana, mwalimu. Hapo nimeyapunguza."

Alichapwa viboko viwili. Lakini mwalimu yule alikata ule ukurasa, akauweka mfukoni, na miaka mingi baadaye alipofariki watoto wake waliukuta ndani ya kitabu chake cha sala.

Hakufundishwa kuchora na mtu. Akiulizwa alijibu kwamba alikuwa na walimu watatu: dari la nyumbani, kutu ya mabati, na maji ya kopo la kusuuzia brashi. Aliweza kukaa nusu saa akitazama rangi ya bluu inavyoteremka ndani ya maji kama moshi unaokosea njia, na chai ikapoa, na mteja akasubiri. Ndoto zake alizisimulia wakati wa kunywa chai ya asubuhi, bila kutenganisha aliyoyaota na aliyoyaona. Sisi watoto tulikua tukiamini kwamba nyumba za upande wa pili wa barabara huhamahama kidogo watu wakilala, kisha alfajiri hurudi mahali pake zikiwa na haya.

Kazi ya mabango aliianza mwaka 1969. Bango la kwanza lilikuwa la kinyozi wa pale kona. Alichora kichwa chenye nywele za kupendeza mno, zilizopanda kama wingu la asubuhi. Kinyozi alikuja juu baada ya wiki moja: "Wewe kijana umeniponza! Watu wanaingia wananyoosha kidole, wanataka zile. Mkasi wangu hauzijui!" Baba alimjibu kwamba hata yeye hazijui, zilikuja zenyewe. Baada ya hapo alipata kazi za duka la dawa, bucha, zahanati na gereji, na kwa miaka ishirini na miwili hapakuwa na mlango wa biashara mtaani ambao hakuugusa.

Mama yetu alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Baba alinunua brashi kumi na moja ndani ya mwezi mmoja, moja moja. Ya kumi na moja mama aliishikilia juu ya kaunta. "Kaka, sema ukweli. Hakuna mtu mwenye kuta nyingi hivi." Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, siku ya Jumamosi, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mama anasema zile brashi zote zilitumika, kwa hiyo hana haki ya kulalamika.

Mdogo wake alikuwa msambazaji wa mikate. Baba alimpakia baiskeli yake rangi ya bluu ya mbinguni, na mstari mwembamba wa njano toka mbele hadi nyuma. Mtaa ulimwita Kengele, maana kengele yake ilisikika kabla harufu ya mkate haijafika. Alikuwa hajaoa, na kila asubuhi alikuja kunywa chai kwetu.

Vita vilifika mtaani kwetu siku ya Jumanne, tarehe 18 Juni 1991. Asubuhi ile milio ya risasi ilisikika bado kwa mbali. Kengele alikuwa na mikate ya hospitali.

"Acha leo," Baba alimwambia.

"Wagonjwa hawashibi habari za redio, kaka. Nishikie chai. Narudi sasa hivi."

Baba alishika kikombe kile. Aliendelea kukishika mpaka kikapoa, na mpaka tulipoambiwa tulale chini sakafuni.

Siku ya tatu milio ilipotulia, waliikuta baiskeli kando ya ukuta mrefu wa ghala la magunia. Haikuwa imeanguka. Ilikuwa imeegeshwa kwa utaratibu, kisanduku cha mikate kimefungwa na kitupu, kama ya mtu aliyeingia dukani mara moja. Hapakuwa na damu wala shahidi. Tulimtafuta hospitalini, tukamtafuta kwenye orodha zote zilizobandikwa. Hakuwa miongoni mwa wafu, hakuwa miongoni mwa walio hai.

Tulihama na baiskeli hiyo, imebeba mabunda yetu. Kwa miaka miwili na nusu tuliishi katika darasa la shule, familia tisa, na kila asubuhi Baba alichora mtaa wetu ubaoni kwa chaki, ili watoto wasisahau njia ya kurudi. Tuliporudi, Januari 1994, njia ilikuwepo, lakini mtaa haukuwepo. Kinyozi hayupo. Bucha haina paa. Mabango yake yote yalikuwa yamechomwa au yamefanywa kuni. Baba alitembea kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi, akasema neno moja tu: "Ukuta umebaki." Alimaanisha ukuta wa ghala, mita arobaini na mbili, umetobolewa na risasi kama chujio.

Wapo waliomtaka achore askari, moto na maiti, watu wajue. Alikataa. "Bunduki imeshajichora yenyewe ya kutosha." Yeye alichora mtaa kama ulivyokuwa Jumatatu ile, saa nne asubuhi, siku moja kabla. Fundi mwashi alipokuja na saruji kuziba matundu, Baba alimzuia: "Yaache. Ukuta umeshasema la kwake, na mimi niseme langu." Matundu yapo mpaka leo katikati ya anga lake la bluu.

Kazi hiyo ilimchukua miaka mingi, maana alichora baada ya saa za kazi, na kila aliyepita alikuwa na la kusahihisha. "Mlango wangu ulifungukia kushoto!" "Mimi unene huu nimeupata lini?" Walileta viti wakakaa. Watu ambao hawakusalimiana tangu vita, kwa sababu ndugu zao walikuwa pande mbili, walijikuta wanabishana kuhusu rangi ya pazia la duka la dawa, na kubishana kulikuwa afadhali kuliko kimya.

Aliweka kanuni moja. Waliokufa aliwachora uso ukitutazama. Walio hai aliwachora mgongo. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Mwanangu, walio hai wana safari bado, wanakwenda. Waliotangulia wamekwisha kufika. Hao ndio wana nafasi ya kugeuka watutazame." Yeye mwenyewe alijichora juu ya ngazi, mgongo, na kopo mkononi.

Kanuni hiyo ilimletea kosa moja kubwa. Fundi viatu wetu ilisemekana amekufa njiani, hata mkewe alikuwa ameshavaa nguo za msiba. Baba alimchora uso, akamchora vizuri, kijana kuliko alivyokuwa. Mei 2003 mtu alisimama mbele ya ukuta akapiga kelele.

"Nani kakwambia nimekufa?"

Baba nusura aanguke ngazini. Walikumbatiana, wakalia, wakakaa chini pale barabarani. Kisha fundi viatu akasema, "Haya, nigeuze haraka, kabla sijafa kweli." Baba alimgeuza siku ileile. Ilipokauka, mwenyewe aliitazama kwa uchungu. "Nilipokuwa marehemu nilikuwa na sura nzuri. Nimefufuka, nimebaki kisogo, tena chenye upara!" Yupo hapa leo, na amesema nisisahau kusoma sehemu hii.

Sisi tulicheka. Baba hakucheka kwa muda mrefu, kwa sababu ya mdogo wake. Kwenye ukuta alikuwa amechora baiskeli ya bluu, imeegeshwa palepale ilipokutwa, bila mtu. Kila Jumapili tukitoka ibadani bibi alisimama hapo.

"Mchore mwanangu."

"Uso au mgongo, mama?"

Bibi alitazama, akatazama. "Basi, acha kwanza."

Kabla ya fundi viatu kurudi, wengi walimshauri Baba amalize, amchore uso, roho zitulie. Baada ya fundi viatu kurudi, hakuna aliyethubutu. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Baba hakukubali. Baiskeli yenyewe aliitundika sebuleni, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi aliipaka mnyororo mafuta, akapiga kengele mara moja kuona kama inalia. Bibi alipotutoka, mwaka 2009, alimchora uso kama kanuni inavyotaka, lakini macho yake hayatutazami sisi. Yanatazama baiskeli.

Kifua cha Baba kilianza kumsumbua Februari 2021. Madaktari walisema ni mapafu, baada ya miaka hamsini ya rangi na mafuta ya kuichanganyia. Mwaka huu alilazwa mara tatu. Mara ya mwisho, tarehe 21 Septemba, kitanda chake kilikuwa chini ya dari lililovuja. Nilitaka kumwomba muuguzi atuhamishe, Baba akanishika mkono. "Niache hapa. Nina wageni." Alilala akiyatazama madoa, akitabasamu, na nilipomuuliza nani amekuja, alisema farasi, na kwamba safari hii hajalala.

Siku mbili kabla ya mwisho alipata nguvu ya kuzungumza.

"Nikienda itabidi mnigeuze pale ukutani. Ndiyo kanuni."

"Baba, nani atakugeuza? Mimi nimeshona nguo maisha yangu yote. Sijui hata kuchora pua."

"Ulinichanganyia rangi toka una miaka minne. Pua ikikaa upande, watajua tu ni mimi. Ila sikia. Msiniache juu ya ngazi. Nishusheni. Niwekeni pale kwenye baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani. Nimshikie."

"Na Baba Mdogo je? Tumwekeje?"

Alifumba macho.

"Kiti kiacheni wazi," alisema. "Mungu ndiye anayejua yuko upande gani. Akiwa huku atanikuta. Akiwa kule nitamkuta. Lakini baiskeli isikae peke yake."

Alituaga siku ya Alhamisi, tarehe 5 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono na sisi watoto tukisali. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, viongozi wetu wa ibada, na majirani wa mtaa, wenye nyuso na wenye migongo.

Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, tutakusanyika ukutani. Fundi viatu atashika ngazi. Kopo la mwisho la bluu alilolichanganya mwenyewe limebaki robo, na nimelifunga vizuri lisikauke. Mniombee.

Marehemu ameacha mke mmoja, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu saba. Ametanguliwa na baba yake na mama yake. Kijana aliyetuchapia ratiba hii aliuliza mdogo wake Baba tumwandike kwenye orodha ipi, ya walioachwa au ya waliotangulia. Tulikaa na mama mezani, tukashindwa. Ndiyo maana hapa chini mtaona mstari mmoja hauna kitu. Si kosa la mchapaji.

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

Baba, umesimama sana juu ya ngazi. Shuka sasa, shika baiskeli ya mdogo wako, upumzike kwa amani.