Kichwa cha Kumi

Nyuma ya jengo moja la wafanyabiashara kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu, huku Uchina, pale viyoyozi vinapotemea joto lake, kuna benchi la plastiki lililogeuka kijiwe bila mtu kupanga. Kila siku baada ya alasiri Pandu hufika na chupa ya chai isiyowahi kutiwa chai, vikombe sita vya kahawa, na habari za soko la Liuhua anakonunua viatu vya kupeleka Unguja. Wanamwita Kontena, kwa kuwa kontena lake linaondoka kesho tangu dunia iumbwe. Pembeni yake hukaa Karanja wa Nairobi, muuza simu, jina la kijiweni Sampuli, maana mifuko yake haikosi sampuli ya kitu. Wa tatu ni Wilbard wa Rombo, Dokta Picha, mwaka wa tano wa shahada ya uzamivu kwenye ile elimu ya kumtazama mtu ndani bila kumpasua. Huyu hatibu mtu. Kijiwe kilichukua miaka miwili kulielewa hilo, na mpaka leo Pandu humwonyesha goti lake.

Jumanne hiyo Wilbard alikuja na fomu moja na shida moja. Programu yake ya kompyuta imejifunza kusoma ubongo kwa vichwa elfu mbili, vyote vya Wachina. Yeye anataka siku moja ikasome vichwa vya nyumbani, kwa hiyo aliahidi kwenye tasnifu kwamba ataijaribu kwa Waafrika kumi. Amepata tisa, wanafunzi wenzake, na wanafunzi wamemwishia. Laoshi wake, yaani mwalimu anayemsimamia, amesema mwisho ni Ijumaa. Kisipopatikana kichwa cha kumi, sura nzima inakatwa, na bila sura hiyo Wilbard hahitimu mwaka huu. Ufadhili nao unaisha mwezi wa saba.

— Nusu saa tu, alisema. Unalala, mashine inapiga kelele, unaamka. Haichomi, haina mionzi. Ni sumaku.

Hilo neno la mwisho heri angelimeza.

— Mie nna jino la chuma, alisema Pandu.

Wilbard akaeleza kwa subira kwamba jino lililozibwa halichomoki, kwamba swali hilo limo kwenye fomu, na kwamba ameshawaingiza watu wenye meno ya kila aina wakatoka nayo yote. Halafu akaongeza, kwa ile sauti ya darasani iliyomponza mara nyingi, kwamba jino ni kisingizio cha waoga. Pandu akapuliza kahawa yake, akalihifadhi neno hilo.

— Shida si jino, buda, Karanja akaingilia. Shida ni sampuli. Hapa ukiachia factory kiatu kimoja Jumatatu, Alhamisi kiko kwa kila duka Liuhua. Sasa wewe unataka niwaachie kichwa?

— Ni picha tu, Karanja.

— Kava zangu zote za simu zilianza na picha tu.

Pandu aliona hoja ina mashiko, na kuanzia hapo mambo yakaharibika. Karanja alihesabu kwamba baada ya miezi mitatu vichwa vyake vitakuwa vinauzwa kwa dazeni, madaraja matatu: la kwanza linafikiri kama yeye, la pili linafikiri kiasi, la tatu linasahau njia ya nyumbani, na laoban mwenye duka ataapa kwamba yote ni orijino. Pandu hakujali madaraja. Yeye alihofia mshindani wake atanunua kimoja na kujua viatu anachukulia ghorofa gani. Tena mwaka jana Wilbard mwenyewe aliwaonyesha picha ya ubongo yenye madoa mekundu mahali ubongo unapowaza. Pandu ana mke Unguja na mke Tanga, na wa Unguja hajui kwamba kuna Tanga. Sasa mtaalamu akiliona doa la Tanga? Akamalizia kwamba hata wale wanafunzi tisa bila shaka walishanakiliwa, ndiyo maana waliorudi wamekuwa wapole na hawaji tena kijiweni.

Hawaji kwa sababu wana mitihani. Wilbard alilisema hilo, hakuna aliyesikiliza. Hasira zikampanda. Miaka mitano ya kusoma, halafu watu wanaolipia mzigo ambao hawajauona wanamhoji kama maofisa wa uhamiaji. Aliwaambia hivyo hivyo, na akarudia lile neno waoga.

Mwisho wa benchi alikaa Chausiku, mwanamke wa Kariakoo, safari yake ya kwanza, siku yake ya tatu. Alikuwa na mfuko wa vipande vya vitambaa kutoka soko la Zhongda na alikuwa akimsubiri mwenyeji wake. Alimwamkia Pandu, akapewa kahawa, wakamsahau. Muda wote huo alikuwa anaisoma ile fomu yenye majina tisa.

— Samahani kaka, alisema. Kwenye hawa tisa, wewe ni wa ngapi?

Karanja alimtazama Pandu. Pandu alimtazama Wilbard. Wilbard hakuwamo kwenye hao tisa.

Kule maabara kichwa cha kwanza mtu anachokipiga picha ni chake mwenyewe. Wenzake wote wameweka picha ya ubongo wao kwenye kompyuta, kama mtu anavyoweka ya mtoto. Yeye siku moja alikuwa na mafua, siku nyingine alikuwa na haraka, na miaka mitano ikapita. Baba yake alipigwa picha akiwa amechelewa sana. Daktari aliishikilia ile picha dirishani, akaonyesha kitu cheupe, kidogo kama punje ya harage, na mwezi haukuisha wakamzika. Punje hiyo ndiyo iliyomleta Wilbard kwenye elimu hii. Na tangu mwezi wa tatu kichwa kinamuuma, nyuma ya jicho la kushoto. Alikuwa anaogopa, tena sana.

— Mimi nina jino, alisema.

Karanja alianza kucheka, Pandu akamzuia kwa jicho. Lile neno la waoga lilikuwa mdomoni mwa Pandu, limeiva. Hakulitoa.

— Kesho saa ngapi? aliuliza.

— Saa tatu asubuhi.

— Basi mkanda, funguo na simu utanipa mie. Nitakaa nje mpaka utoke.

Chausiku alimsogezea fomu na kalamu. Wilbard aliandika jina lake kwenye mstari wa kumi, taratibu, halafu akanyoosha kikombe. Pandu aliinamisha chupa, yakatoka machicha tu, basi akammiminia nusu ya kahawa yake mwenyewe.

— Wakitoa kopi, Karanja alisema polepole, niwekee ya daraja la kwanza.