Birika Linalofunguka: Kumuaga Mama Bisibisi

Nianze kwa kukiri jambo ambalo hata mama yangu sijamwambia: nilipopewa zawadi ya kuagia niifunge kwa karatasi ya kung'aa, kwanza niliifungua.

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, kiwanda chetu cha mabirika ya umeme kinamuaga mbunifu wake mkuu baada ya miaka ishirini na tisa. Wote tunamwita Mama Bisibisi, kwa sababu bisibisi yake hukaa kwenye nywele. Siku moja aliitafuta ofisi nzima huku wenzake wakimtazama tu, wakisubiri ajikune kichwa.

Alikuwa na mtihani wake. Birika jipya likishaundwa, alimwita yeyote aliyekuwa karibu, mlinzi au mpishi, akampa bisibisi, kisha yeye akajimiminia chai. Chai ikipoa kabla birika halijatengana, chuma huku, plastiki kule, waya pembeni, alirudi mezani kuchora upya. "Birika nalo lina siku yake ya kufa," alisema, "na kufa kufaana." Ndiyo maana mabirika yake yalirudi kwetu yakiwa makuukuu, yakatoka yakiwa malighafi safi.

Mwaka huu wakubwa wameondoa skrubu, wameweka gundi. Wanasema mteja hapendi kuona skrubu. Mteja gani huyo anayekunywa chai huku ameinua birika akague kitako? Mama Bisibisi aliwauliza hivyo hivyo mkutanoni. Wakacheka, wakapitisha gundi.

Mimi nipo uani, kwenye karakana ya kufumua mabirika, tangu nimalize shule. Si msemaji, lakini nyundo naishika. Yale ya gundi yenye kasoro yameshaanza kuletwa kwetu. Hayafunguki, yanavunjwa. Plastiki inang'ang'ania chuma, na vyote vinakwenda jaani. Mjomba ninayefanya naye kazi alichanwa kiganja na kipande kimoja, akaambiwa awe makini. Awe makini yeye, si aliyemwaga gundi.

Na zawadi waliyomchagulia Mama Bisibisi ni birika hilo hilo la gundi, limepakwa rangi ya dhahabu. Wanataka alipokee mbele yetu akitabasamu, apigwe picha, ionekane naye amekubali. Mfinyanzi hulia gaeni, sawa, lakini si gae la kutupiwa usoni.

Basi nimelikata kitako, nikaliwekea kitako cha birika lake la zamani, kipimo kilekile, kwa skrubu tatu. Nimelichemshia maji. Halivuji.

Najua atakachofanya Ijumaa. Dhahabu hataitazama. Ataligeuza chini juu, kama alivyogeuza kila birika lililopita mikononi mwake, kisha mkono wake utapanda kwenye nywele.

Ahsante, Mama, kwa kutufundisha kwamba kitu kilichoundwa vizuri hakiogopi kufunguliwa. Nenda ukapumzike, uishi vyema, na chai yako isipoe.

Nanyi wenzangu mliosoma hadi hapa: wakubwa wetu wakisoma jarida hili la kiwanda huishia kwenye ukurasa wenye picha zao. Tafadhali msiwaambie.