Maji Kwa Kiti cha Mamamkwe

Hapa kwa kona ya msikiti, Bungoma, kuna benchi moja ndefu ya mbao, mguu mmoja umewekewa jiwe. Upande huu Shafi anauza kahawa chungu na kashata, upande ule mimi nakaanga njugu, na katikati wanakaa wanaume wenye wanajua kila kitu. Injinia ni Kimaiyo, alisukuma mashine za karatasi Webuye mpaka kazi ikaisha, jina ndiyo ikabaki. Sheria ni Daud, hajasomea sheria hata siku moja, lakini ameketi kortini akisikiliza kesi za watu mpaka askari wa mlango wanamsalimia. Mimi wananiita Kukhu, yaani nyanya, hata wale sikuzaa mama zao. Magomvi ya ukoo wetu yote yanapita kwa karai yangu ya njugu: nani alisongesha mpaka wa shamba, nani alikataa kula kwa harusi ya nani. Siku hiyo ugomvi ulikuja na magurudumu. Mjukuu wangu Mukhisa alisimamisha pikapu yake mbele ya benchi, akashuka, uso umekunjana kama shati ya mtumba.

SHAFI: Sasa Mukhisa. Nikumiminie?

MUKHISA: Mimina. Mulembe, Kukhu.

MIMI: Mulembe. Nabwile amerudi?

MUKHISA: Bado.

Nabwile ni bibi yake. Walikuwa wamemchukua mama ya Nabwile kwao Matulo, wakampeleka kliniki ya macho Kitale. Sasa kwetu sisi Wabukusu, mtu na mamamkwe wake hawakai kiti moja, hawagusani hata mkono. Ni heshima, si chuki. Kwa hivyo Mukhisa alikuwa ameitisha fundi amwekee reli ya chuma ndani ya pikapu, hapo juu katikati, na pazia nzito ya kuning'inia, mama wa watu asione mkwe wake akibadilisha gia. Mvua ikawashika Kamukuywa, ikawasindikiza mpaka Kiminini. Kufika Kitale mama akashuka rinda imelowa nyuma yote, mbele ya watu wa kliniki. Wakati wa kurudi, Nabwile akashuka Matulo na mama yake, na hakupanda tena. Alituma neno moja tu na ndugu yake Wekoye: Mukhisa afikirie vizuri hiyo safari.

MUKHISA: Nimefikiria mpaka kichwa inauma. Ni hii maji. Mama yake alikaa kwa maji kama bata, na yeye akaona nimemdharau mzazi wake. Na kesho ni kliniki tena. Nikienda huko na kiti inavujiwa, bana, mimi nimeachwa.

SHERIA: Hujaachwa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini yako imezolewa na kiti. Hiyo ni ushahidi.

INJINIA: Nyamaza kwanza. Mukhisa, maji inaingilia wapi?

MUKHISA: Ningejua ningekuja hapa?

Injinia akaweka kikombe chini. Akafungua mlango wa abiria, akabonyeza mpira wa mlango na kidole gumba, pole pole, kama daktari anatafuta mahali mtoto inauma.

INJINIA: Mpira bado iko na uhai. Basi ni kioo ya mbele. Gundi ya kioo ikizeeka, maji inapita.

SHAFI: Ama majani. Kuna jirani yangu gari yake ilijaa maji miguuni, kumbe majani ya mti imeziba ile mitaro ndogo chini ya waipa.

INJINIA: Hiyo pia iko. Lakini hiyo hulowesha chini. Ona kapeti, imekauka. Iliyolowa ni kiti.

SHERIA: Basi hiyo si mvua. Ni maji ya injini. Kuna ile mpira ya hita hupasuka, maji ya rediata inakuja ndani. Onja.

INJINIA: Nionje nini?

SHERIA: Kiti. Ya rediata iko na utamu na inanata. Ya mvua haina kitu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wewe onja.

Injinia alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa heshima. Lakini mtu akishaitwa Injinia kuna vitu hawezi kukataa. Akabonyeza godoro ya kiti, akalamba kidole.

SHAFI: Haya?

INJINIA: Ni mvua. Na kidogo ya njugu.

MIMI: Njugu ni zangu. Mama huyo nilimpelekea pakiti.

SHERIA: Sawa, kama ni mvua, sikia nadharia yangu. Hii gari ilikuwa ya nani kabla yako?

MUKHISA: Ya mzee moja, alikuwa anabeba samaki na barafu.

SHERIA: Umesikia? Chuma imekunywa barafu miaka yote. Ikipanda baridi ya kule Kitale inakumbuka. Inatoka jasho. Hata korti ingekubali.

SHAFI: Chuma inakumbuka, Sheria?

SHERIA: Kwani wewe birika yako haikumbuki tangawizi hata ukiosha?

SHAFI: Hapo sasa umenishinda.

SHERIA: Na si hiyo tu. Mbona maji inaangukia upande wa mamamkwe peke yake? Upande wa dereva ni kavu. Hiyo gari imechagua. Labda mahari haijaisha, na wazee wa huko Matulo wameongea na mvua.

MUKHISA: Nilimaliza.

SHERIA: Basi wameongea nayo kwa salamu tu.

Mimi nilikuwa nacheka, lakini niliona kahawa ya Mukhisa inapoa kwa kikombe. Huyu kijana ni mpole. Alipomchukua Nabwile, tulimwambia nyumba yake haijaisha kupigwa plasta, akasema Nabwile mwenyewe ndiye plasta. Nikawaambia hao wazee waache hadithi ya barafu, wamsaidie mtoto wa watu.

INJINIA: Leteni maji. Na magazeti ya zamani.

Tukakausha kiti na matambara, tukatandika magazeti juu ya kiti na chini. Injinia akaingia, akajifungia, na tochi ya simu. Sheria akapewa jagi.

INJINIA: Maji hutafutwa kutoka chini ikipanda juu. Ukianzia juu, yote inalowa na hutajua mwizi ni nani. Mwaga kwa mlango, chini.

Sheria akamwaga. Tukangoja. Gazeti kavu.

INJINIA: Sasa chini ya kioo. Pole pole, usioge gari.

Sheria akamwaga hapo kwa waipa. Majani mawili matatu ikaelea, maji ikapata njia yake, ikateremka kando ya gurudumu mpaka kwa barabara. Ndani, gazeti kavu.

SHERIA: Nimewaambia ni barafu.

INJINIA: Panda. Mwaga kwa kioo yenyewe, pembeni.

Kavu. Kioo ya nyuma pia kavu. Watu wa msikitini walikuwa wanatoka, wengine wakasimama kutazama mzee amejifungia kwa pikapu na magazeti huku mwingine anamwogesha. Sheria akapanda kwa tairi, akamimina juu ya paa.

Tukangoja. Halafu tukasikia Injinia anagonga kioo.

INJINIA: Acha. Acha hapo. Imenipata kwa utosi.

Akafungua mlango. Tone lilikuwa linaning'inia kwa reli ya pazia, likatembea na reli kidogo, likaanguka upande wa abiria. Lingine likafuata njia hiyo hiyo. Injinia akapanda juu, akakwangua rangi na ukucha.

INJINIA: Mukhisa, fundi wako alifunga hii reli na nini?

MUKHISA: Skrubu.

INJINIA: Skrubu ya mabati. Ndefu. Ilitoboa paa ikatokea nje, akakata ncha, akapaka rangi juu. Sasa imeshika kutu, maji inateremka nayo kama ngazi. Reli imeinama upande wa abiria, ndiyo maana dereva hanyeshewi.

Mukhisa aliketi kwa benchi.

MUKHISA: Yaani ni pazia.

SHAFI: Heshima yako ndiyo ilitoboa gari.

SHERIA: Ona sasa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu amemwingiza mamamkwe.

INJINIA: Si kitu kubwa. Tunatoa skrubu, tunakwangua kutu, tunajaza silikoni. Pazia tunarudisha na skrubu fupi, yenye raba.

Mukhisa akavuta pumzi, kahawa yake ikashuka vizuri mara ya kwanza. Hapo ndipo akakuja mama moja wa kule mlimani, gamboti miguuni, leso imefungwa kiunoni. Anaitwa Jerop, huleta vitunguu sokoni. Injinia alimjua, akamsalimia kwa Kikalenjin.

INJINIA: Chamgei.

JEROP: Chamgei mising. Nimeambiwa hii gari huenda Kitale. Niko na magunia.

MUKHISA: Kesho, mama, lakini ninabeba mamamkwe kliniki.

Jerop akachungulia ndani, akashika pazia, akaangalia magazeti, akaelezwa yote na watu watatu kwa pamoja: rinda, Matulo, barafu, skrubu. Alisikiliza vizuri. Ni mtu hana haraka.

JEROP: Na hii kiti ya mbele inakaa wangapi?

MUKHISA: Watatu. Lakini pazia ikiwekwa, wawili. Inakula hapo katikati.

JEROP: Wewe na mama.

MUKHISA: Eeh.

JEROP: Na bibi yako alikaa wapi?

Injinia akaangalia tochi yake, bado inawaka mchana. Shafi akainamisha birika kwa kikombe ya Jerop, ikatoa makapi tu. Mimi, mwenye kujua magomvi yote ya hii familia, nikageuza njugu zenye zilikuwa zimeiva tayari. Kisha sote tukaangalia nyuma ya pikapu. Chuma tupu, na kipande ya turubai yenye haiwezi kufunika mbuzi.

Mukhisa alisimama. Akaomba Injinia bisibisi, akaingia ndani, akaanza kufungua reli mwenyewe.

SHERIA: Na heshima je? Mtu na mamamkwe bila kitu katikati?

MIMI: Nabwile atakaa katikati. Mtoto wa huyu, bibi ya huyu. Unataka pazia gani ingine?

Reli ikatoka. Pazia akaikunja, akaiweka huko nyuma kwa chuma. Injinia akapanda juu kukwangua kutu. Mukhisa akatoa simu. Hiyo simu yake ina sauti ya redio, inasikika mpaka kwa karai.

MUKHISA: Nabwile. Hapana, sipigi juu ya mama. Nataka kuuliza wewe. Siku ile, ulinyeshewa?

Injinia akaacha kukwangua.

NABWILE: Mpaka ndani ya viatu. Niligonga kioo ya nyuma, Mukhisa. Nikagonga tena.

MUKHISA: Nilisikia.

NABWILE: Ulisikia?

MUKHISA: Nilidhani ni mvua.

Mukhisa akaweka mkono kwa hiyo kioo ya nyuma.

NABWILE: Kliniki ni asubuhi. Usichelewe.